Mbwa kaandikiwa antibayotiki, usiache dozi kisa kachangamka

Juzi kuna dada wa Igoma, hapa Mwanza, kanitumia meseji, mbwa wake kaandikiwa doksisaiklini, hii tunayoita doksi, kwa ajili ya ugonjwa wa kupe, kameza siku chache tu kaanza kula na kubweka, sasa anauliza si aache tu maana kapona? Dada yangu hapana, usiache kabisa.

Naongea hivi kwa sababu mbwa wangu, Bosi, nilishaambiwa nimtupe. Damu ilikuwa inamtoka puani, ufizi mweupe kama karatasi, halali, hasimami, jirani mmoja hapa Pasiansi akaniambia huyo kaisha usipoteze hela. Ile kauli mpaka leo inaniuma. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, muuzaji hajamuona mbwa, hajauliza hata kilo zake, anataka kunipa chupa ya sindano ya ng'ombe! Niligoma. Nikatafuta daktari wa mifugo, akamtoa damu ikapimwa, ni Ehrlichia, bakteria anayeletwa na kupe, akamuandikia doksi ya wiki nne. Leo Bosi huyo analinda geti, na yule jirani anapita kwa kuzunguka.

Sasa sikieni wapendwa. Dozi ni kwa kilo, kwa ugonjwa huu madaktari wengi huandika miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, yaani mbwa wa kilo 20 anapata miligramu 200, ila anayeamua ni daktari wako. Kama huna mzani wa mbwa panda wewe kwenye mzani ukiwa umembeba, halafu panda peke yako, toa.

Doksi usimpe tumbo tupu, anaweza kutapika. Na usimmezeshe kapsuli kavu ukaondoka, inaweza kunasa kooni ikamuunguza, mimi nilikuwa naificha kwenye tonge la ugali na minofu ya sangara (miba yote nimetoa), akishameza namsukumia maji taratibu pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maziwa weka mbali na dawa, kalsiamu yake inaishika dawa, mwilini haiingii vizuri. Ukisahau dozi mpe ukikumbuka, ila kama muda wa nyingine umekaribia iruke, usimpe mbili kwa mpigo. Akivimba uso au akipumua kwa shida, simamisha na umpigie daktari hapohapo.

Jamani tuache kugawana vidonge vilivyobaki! Mbwa kuchangamka haina maana bakteria wameisha, ukikatisha unawaachia nafasi warudi, na bakteria wakiizoea dawa tutabaki na chache za kukimbilia, sisi wenyewe na watoto wetu humo humo. Na panadol au brufen za nyumbani usimpe mbwa, zinaua ini, zinatoboa tumbo. Mnyama hawezi kusema inauma wapi, wewe ndio mdomo wake.

Kwa hiyo dada wa Igoma, maliza wiki zako zote, kisha rudi damu ipimwe tena. Wakati huohuo kagua banda, kupe wa mbwa wanajificha kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao, muulize daktari dawa ya kupulizia humo na ya kumpaka mwenyewe, la sivyo utanunua doksi tena kabla ya masika.