Nikimpigia simu mke wangu, sina la kumwambia

Shangazi, shikamoo. Mimi ni askari wa JWTZ mwenye umri wa miaka 33, na sasa natimiza mwezi wa saba katika ulinzi wa amani huku Berberati, magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nimemwacha mke wangu Morogoro pamoja na binti yetu wa miaka minne. Siku zetu hapa zinafanana: kuamka alfajiri, usafi, paredi, doria au lindo, kufua, kula, kulala. Kuna paka mmoja mwenye sikio lililokatika aliyehamia jikoni kwetu, naye kila nikitoka lindo usiku hunisubiri mlangoni kwa sababu anajua huwa nambakizia kichwa cha samaki. Mvua ikinyesha juu ya bati la kontena tunamolala, hatusikilizani hata tukipaza sauti, basi kila mtu hubaki na mawazo yake hadi ikatike. Saa tatu usiku, zamu ikiruhusu, nampigia mke wangu. Namwambia huku salama, naye ananiambia huko salama, kisha tunanyamaza. Sauti ya mtoto sijaisikia wiki ya tatu sasa. Mwezi uliopita mke wangu aliniuliza tunaishije na wanawake wa huku. Nilikasirika, nikakata simu. Usingizi siku hizi naupata kwa shida. Nifanye nini?
Askari, Berberati

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikaa kwa muda mrefu pale kwenye habari za paka na za mvua. Swali langu la kwanza kwako ni hili: mkeo anamjua huyo paka?

Nina hakika hamjui. Mimi usiyepata kuniona umenieleza sikio lake, mlango anaokusubiria na kitoweo unachombakizia, ilhali mama wa mtoto wako amepewa neno moja tu, salama, kila usiku kwa miezi saba. Naelewa ulivyofika hapo. Unaona kwamba mambo makubwa ya kazini huruhusiwi kuyasema, na mambo madogo hayana uzito wa kumpigia mtu simu kutoka nchi ya mbali. Kwa hiyo ukiyaondoa yote mawili hubaki na kitu cha kusema.

Baba yangu alikuwa askari. Majeshi ya Idi Amin yalipotuvamia Kagera mwezi Oktoba 1978, aliondoka nyumbani kwetu Tabora na hatukumwona tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Barua zake zilichukua mwezi na zaidi kufika, zikiwa zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi za daftari la shule, na kwa kuwa mama hakujua kusoma vizuri, mimi ndiye niliyemsomea. Kwenye redio tulisikia miji ikitajwa, Masaka, kisha Kampala iliyoangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, na mama alisikiliza akiwa amekunja mikono bila kusema lolote. Lakini ilipofika barua ambayo baba alieleza kwamba amekata kifungo cha shati, akakishona mwenyewe kwa uzi mweusi kwa kuwa mweupe haukupatikana, mama aliniambia nirudie hapo. Nilirudia mara tatu. Kisha aliichukua ile karatasi, akaigusa kwa kidole pale penye neno uzi, akaanza kulia, na jioni ile alikula chakula chote kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Taarifa za vita zilimweleza kwamba jeshi linasonga mbele. Kifungo kilimwonyesha mume wake ameketi mahali fulani, kichwa kimeinama, sindano mkononi.

Mkeo hana picha kama hiyo. Hajui kontena lenu likoje, hajui unafua siku gani wala unakula nini ukichoka na rasheni, na mtu asiyeweza kumwona mwenzake akilini huanza kumtengenezea picha mwenyewe, ambazo mara nyingi huwa mbaya kuliko hali ilivyo.

Kuhusu mtoto, hebu tazama saa. Berberati iko nyuma ya Morogoro kwa saa mbili, kwa hiyo unapopiga saa tatu usiku, nyumbani ni saa tano. Mtoto wa miaka minne amelala zamani, na mama yake, ambaye ameamka alfajiri kumwandaa kwa ajili ya chekechea, anaongea nawe macho yakimfumba. Huenda ukimya unaouogopa sana, kwa sehemu yake, ni usingizi tu. Siku ambazo huna lindo la alfajiri, piga saa kumi na moja kabla ya paredi. Kwao ni saa moja asubuhi, mtoto yuko macho, kikombe cha uji kiko mbele yake. Usimuulize kama anakukumbuka, kwa maana swali hilo humchanganya mtoto mdogo. Mpe kitu cha kwake. Mfundishe kusema singila mingi, asante sana kwa Kisango, umwambie ndivyo watoto wa huko wanavyoshukuru wakipewa kitu, kisha kesho yake umuulize kama bado analikumbuka. Huyo paka naye nakuhakikishia atamleta mbio kwenye simu.

Mipaka ya kazi yako iheshimu yote. Safari za doria, saa za msafara, idadi ya askari, mahali pa malindo na picha za kambi havisemwi kwenye simu wala havipandishwi mitandaoni, na mkeo mweleze waziwazi mara moja kwamba ukinyamaza kuhusu hayo ni kwa sababu ya usalama wenu, wala humfichi kitu cha ndoa. Nje ya mipaka hiyo yamebaki mengi: mvua, jikoni, mwenzako anayekoroma, gozo ya muhogo ya huko inavyotofautiana na ugali aliokuzoesha yeye.

Sasa niseme juu ya swali lake, na hapa sitakuwa upande wako. Mwezi Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi cha walinda amani 60 wa Tanzania kinarudishwa nyumbani kutoka nchi hiyo hiyo uliyopo, kutokana na tuhuma za unyonyaji na unyanyasaji wa kingono. Habari hiyo ilifika kila kona, na mke wa askari aliyeko huko hawezi kuisikia kama wanavyoisikia majirani. Hakukutuhumu, mwanangu, aliuliza akiwa na hofu, nawe ukamjibu kwa kukata simu, jambo ambalo kwa mtu mwenye hofu ni jibu baya kupita yote. Mwombe radhi. Mwambie kanuni za ujumbe wenu wa ulinzi wa amani zinasemaje, unavyoishi, na jioni zako unazipitishaje. Kama kuna jambo la kweli unalolificha, hilo niandikie peke yake, tutalizungumza.

Ndugu wakimsumbua mkeo kwa madai kwamba mume wake analipwa madola, mweleze utaratibu ili ajue la kuwajibu: Umoja wa Mataifa huilipa serikali, nayo huwalipa askari wake kwa taratibu zake, na posho ya kila siku inayotoka kwenye ujumbe ni dola 1.28.

Usingizi usiupuuze. Kama umepita wiki mbili au tatu unakesha, kama mlango ukibamizwa moyo unakwenda mbio, au kama umeanza kutafuta pombe ili ulale, nenda zahanati ya kikosi umweleze daktari kama ambavyo ungemweleza homa ya malaria. Kama una mkubwa wako unayemwamini, au kiongozi wa dini aliye karibu nanyi, zungumza naye pia. Nimewaona wanaume waliorudi kutoka ulinzini wakiwa wazima wa viungo, lakini wamekaa sebuleni miezi mingi bila kusema neno, na wake zao hawakujua waanzie wapi.

Nimekurudishia kwa barua pepe yale maneno yako kuhusu paka na mvua, kama ulivyoyaandika, bila kubadilisha hata nukta. Jina langu tu ndilo nililoliondoa pale mwanzo. Liandike la mkeo, kisha mtumie leo, kabla hujaingia lindo.