Jibu: Boksi la iPhone 15 halina kichwa cha chaja, nimepigwa?

Hujapigwa, ndugu yangu, na huyo muuzaji aliyekuuzia pale Mwanjelwa, Mbeya, hajachomoa kitu. Apple waliacha kuweka kichwa cha chaja tangu Oktoba 2020, ilipotoka iPhone 12, wakisema wanatunza mazingira. Mimi sikubaliani nao hata kidogo! Jembe linauzwa bila mpini kwa sababu mpini tunachonga wenyewe. Kichwa cha chaja nani anachonga?

Waya umo ndani ya boksi, na ncha zake zote mbili ni Type-C, ile ndogo bapa inayoingia upande wowote. Kwa hiyo kichwa cha Samsung cha hapo nyumbani kinafaa kabisa, mradi tundu lake liwe Type-C. Ila vile vyepesi vya bei chee vya stendi usiviguse, tafadhali. Vinachemka mno.