Mwanangu, itoe kwanza hiyo stetasi

Mwanangu, nimeisikiliza voisi yako mara mbili. Unaniuliza umwambieje huyo mwenzio mliyepanga naye hapo Sinza kwamba hanunui umeme, bila kuonekana una roho mbaya. Kabla sijakujibu, ile stetasi uliyoweka juzi, "watu wengine bwana, kutumia wanajua kununua hawajui", itoe. Mimi nimeiona, shangazi yako kaiona, na yeye mwenyewe kaiona tu.

Nakwambia hivi coz nimepita huko. Zama zetu stetasi ilikuwa khanga. Kule uani Tanga nilikuwa na jirani, akiazima mbuzi yangu ya nazi anairudisha machicha yamekaukia kwenye meno, na mi sikumwambia hata siku moja, naisugua huku nimenuna, mpaka nikaenda sokoni nikanunua doti imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", nikajifunga nikapita nayo mbele yake naenda kuanika nguo. Wiki haijaisha naye katoka na yake, "Hasidi hana sababu". Miezi minne hatusalimiani, choo kimoja, bomba moja! Tumekuja kuongea msibani, tunamenya vitunguu sinia moja, kumbe mwenzangu alidhani namsema kuhusu mume wangu. Mbuzi ya nazi wala haikumpitia akilini. Nililia mwanangu. Fumbo kila mtu analijaza na lile linalomuuma yeye.

Sasa we mwambie kwa mdomo wako. Sio usiku umeme umekata na wote mna hasira, wala sio mbele ya wageni, ngoja Jumamosi akishakunywa chai. Usianze na "we kila siku hununui", hapo atatafuta ile siku moja aliyonunua mtaishia kugombania hiyo. Sema: "Mwezi huu nimenunua LUKU mara 3, kila mara elfu 10, safari hii naomba ununue wewe." Halafu nyamaza. Hapo ndo pagumu kwako, nakujua, utaanza "ila kama huna basi usijali", tangu mdogo ukiombwa kalamu unatoa na daftari. Na ukishasema usijali ataamini kweli we hujali, utamlaumu kwa lipi?

Akicheka akakwambia siku hizi umekuwa mchoyo usijitetee, rudia hivo hivo kwa sauti ya chini, "sawa, ila safari hii nunua wewe". Akisema kakwama kweli msikilize, mpange tarehe.

(Ila siku ukiolewa usije ukampelekea baba mkwe maneno haya, wakubwa wana njia yao, kuna mambo unamtuma shangazi na hiyo ni adabu, sio woga. Huyu ni rika lako, kodi mnagawana sawa kwa sawa, hahitaji mshenga.)

Na zile namba 20 za umeme akikutumia we ingiza kwenye mita, mwambie asante, usianze kumkumbusha ya miezi ya nyuma.

Mama yako