Elektrodi za ubongo haziondoi haja ya mazoezi ya kutembea

Umeuliza kama mama yako, ambaye miguu yake huganda kila afikapo mlangoni, anaweza kuachana na mazoezi ya viungo endapo atawekewa elektrodi ubongoni, yaani nyaya nyembamba zinazopeleka umeme. Nimemuuguza baba yangu mwenye ugonjwa wa Parkinson kama yeye, kabla na baada ya upasuaji huo, na ninakusihi asiyaache.

Kwanza, angalieni miguu huganda wakati gani ukilinganisha na dozi ya levodopa, dawa yake ya Parkinson. Ikiganda dawa inapoisha nguvu na kufunguka dawa inaposhika, yapo matumaini ya kweli, kwa kuwa, ukiacha mtetemeko, umeme wa elektrodi hizo kwa kawaida hutuliza yale ambayo levodopa nayo huyatuliza. Miguu inayoganda hata dawa ikiwa imeshika mara nyingi haipati nafuu kubwa, na wapo ambao huzidi kuyumba. Kila familia inastahili kuelezwa hili waziwazi kabla ya kutia saini.

Baba alipata nafuu kubwa ya mtetemeko na ukakamavu, lakini kwenye kona aliendelea kunasa. Daktari alipopunguza mapigo ya umeme kutoka 130 kwa sekunde hadi 60, miguu ilifunguka zaidi, ila mkono ukaanza tena kutetemeka, ikabidi watafute kiwango cha kati.

Kilichomvusha mlangoni ni fiziotherapia, yaani mazoezi hayo ya viungo. Upungufu wa dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua katika Parkinson, huvuruga sehemu za ubongo zinazoendesha mwendo bila mtu kuufikiria, hivyo mgonjwa hufundishwa kutembea kwa kukusudia. Mtaalamu alibandika vipande vya utepe sakafuni, akamwelekeza baba kwamba akinasa asimame kabisa, ahamishie uzito mguu mmoja kisha mwingine, ndipo avuke utepe kwa hatua ndefu. Sisi tulikatazwa kumvuta mkono, kwa sababu kiwiliwili hutangulia nyayo zikiwa bado zimenata, naye huanguka; tulikatazwa pia kumsemesha anapogeuka.

Kuhusu kusisimua ubongo kwa sumaku au umeme hafifu kutoka nje ya fuvu, utafiti bado unaendelea, na tiba hizo huchunguzwa zaidi zikiambatana na mazoezi. Kwa sasa, mrekodi mama kwa video akipita mlangoni kabla ya dozi na baada ya dawa kushika, kisha mwonyesheni daktari zote mbili.