Kipande Hicho ni Madini Gani? Kwa Wanaoanza Kupamba Mabehewa na Injini za Modeli

Siku ya kwanza niliyotaka kulehemu dohani ya injini yangu ndogo ya treni ya modeli, nilikwenda Mji wa Kale kwa mzee mmoja sonara, rafiki wa marehemu babangu. Nilijiambia, mtu anayeunganisha mikufu myembamba kama uzi hatashindwa na dohani ya ukubwa wa kunde. Nikamwamkia, nikafungua kijikaratasi, nikamwekea kipande mezani. Akakiinua, akakipima kiganjani, kisha akakikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

“Mwanangu, hii ni madini gani?”

Nikamwambia sijui, ni chuma tu, kimekuja ndani ya boksi kutoka Uingereza.

“Chuma gani chakwaruzika kwa ukucha? Hii ina risasi. Hebu niondolee hapa.”

Akanieleza kwamba risasi ikiingia kwenye dhahabu, hata kidogo, dhahabu hiyo haipigiki nyundo tena, yavunjika kama kashata. Akaipangusa meza mara mbili, akatikisa kitambaa nje ya mlango, ndipo akaniagizia kahawa.

Nawaandikia mnaoanza, na naanzia kwenye swali la mzee yule kwa sababu karibu kila kitu nilichokiharibu miaka ile nilikiharibu kwa kutojua jibu lake.

Vipande vingi vya kusubu utakavyopata ni vya metali nyeupe, yaani mchanganyiko wa bati, risasi, antimoni na mara nyingine bismathi. Husubiwa katika kalibu za mpira zinazozungushwa kwa kasi ili madini yaingie kwenye kila kipembe. Ni laini, ni vizito, na huyeyuka kwa joto dogo sana. Aina ya pili ni shaba ya manjano, ile ya dele la muuza kahawa, iliyosubiwa kwa njia ya nta: sura huchongwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo maalumu, nta huyeyushwa itoke, shaba ikachukua nafasi yake. Hivi ni vikali, vina kingo safi, na bei yake utaisikia. Aina ya tatu utaikuta kwenye modeli za zamani: aloi ya zinki. Zile za kabla ya miaka ya 1950 mara nyingi zilichafuliwa na risasi kiwandani, nazo hupasuka na kumung'unyika zenyewe. Ukiuziwa injini kuukuu yenye nyufa kama za tope kavu, mrudishie mwenyewe.

Jifunze kuzitambua. Metali nyeupe hukwaruzika na kuacha mstari unaong'aa kijivu. Shaba hujitangaza kwa rangi. Zinki ni ngumu, na ikivunjika ndani yake huonekana punjepunje.

Kusafisha ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayoamua kila kitu. Kila kipande cha metali nyeupe kina mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na pembeni vijipezi vyembamba kama vya samaki. Vikwangue kwa wembe kwanza, kisha kwa tupa. Tupa ipake chaki kabla, la sivyo risasi itajaa kwenye meno na hutaitoa. Tena tupa hiyo iwe ya kazi hii peke yake; usiiazime kwa mtu anayelehemu fedha au dhahabu. Vumbi lina risasi, kwa hivyo fanya kazi juu ya gazeti, likunje ulitupe, unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa mahamri. Kisha osha kipande kwa mswaki na sabuni ya vyombo, maana kalibu hupakwa unga ili kipande kitoke, na juu ya unga huo rangi haishiki. Vya shaba mimi huvisugua kwa ndimu na chumvi, vile mama zetu wanavyosugua masinia, kisha navisuuza mpaka nachoka. Asidi ya ndimu ikibaki kwenye kona, na hewa yetu ya chumvi, baada ya miezi miwili utaona kijani kinatokea chini ya rangi.

Sasa kulehemu. Hapa ndipo dohani yangu ya kwanza ilipokufa. Nilichukua chuma cha kulehemu cha fundi redio, kilichotoka kuunganisha waya, nikagusa pale dohani inapokutana na boila. Haikutoa moshi wala sauti. Dohani ilikaa wima sekunde moja, ikang'aa kama imepakwa maji, halafu ikainama ubavuni na kuwa tone. Tone likateleza juu ya boila, likaganda kwenye kipande cha ngazi. Nilibaki nikiwa nimeshika kibano kisicho na kitu.

Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi kwenda juu, na chuma cha fundi redio huwa kimevuka 300. Metali nyeupe haina ubavu wa kustahimili hapo. Kuna lehemu ya pekee yenye bismathi inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, chini ya joto la maji yanayochemka. Ndiyo unayoihitaji, pamoja na chuma chenye kidhibiti cha joto, na fluksi (dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike) ya asidi ya majimaji. Soma karatasi ya lehemu hiyo: nyingine zina kadimi, na moshi wa kadimi ni sumu, kwa hivyo joto lako libaki chini na dirisha liwe wazi.

Kuna siri moja ambayo hakuna aliyeniambia. Lehemu ya nyuzi 70 haishiki vizuri kwenye shaba tupu. Ukitaka kuweka kipande cha metali nyeupe juu ya bodi ya shaba, ipake kwanza shaba ile utando mwembamba wa lehemu ya kawaida, iache ipoe, punguza joto la chuma, ndipo uunganishe kwa lehemu ya joto dogo. Ukimaliza, osha kwa maji ya vuguvugu na magadi kidogo ili kuua asidi.

Kama huna kidhibiti, usilehemu metali nyeupe. Hii ni rai yangu na wapo watakaonicheka. Tumia gundi ya tyubu mbili, ile unayoikoroga. Ni chafu kidogo, lakini inakupa muda wa kunyoosha kipande kabla hakijashika. Supaglu mimi naiogopa hapa Mombasa. Gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani, na unyevu tunao wa kugawa. Inashika kabla hujakaa sawa, inaacha ukungu mweupe kandokando, na chupa ukishaifungua hugeuka jiwe kabla ya kufika nusu. Yangu hukaa kwenye friji, ndani ya kopo lenye mchele mkavu. Tena haipendi kugongwa: behewa likianguka, vipande vyote vinatawanyika sakafuni kama ubuyu. Dawa ni kutoboa tundu kwa keekee ya mkono, la nusu milimita hadi 0.8, kwenye kipande na kwenye behewa, ukapitisha msumari wa waya wa shaba. Waya wa umeme uliochunwa unatosha. Kipande chenye msumari hakitoki.

Niliyoyajutia zaidi, hata hivyo, hayakuwa dohani. Injini yangu ilikuwa nyepesi, magurudumu yanateleza. Nikaenda kwa wauza vifaa vya uvuvi, nikanunua chubwi za risasi, nikazikatakata, nikazijaza kwenye tangi la maji, nikamimina gundi nyeupe ya mbao juu ili zisichezecheze. Ikavuta vizuri. Nikaiweka kabatini.

Baada ya miezi kama saba nikaona mshono wa tangi umefunguka unywele mmoja. Nikadhani ni joto. Mwezi uliofuata ubavu umevimba kama mkebe wa samaki ulioharibika, na ufa unamwaga unga mweupe. Nilipofungua, chubwi zote zimevaa koti la chokaa. Gundi ile hutoa mvuke wa asidi ya siki polepole. Mvuke ukikutana na risasi, unyevu na hewa, risasi hugeuka unga unaochukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Hakuna lehemu inayouzuia. Maradhi haya yako kila nchi, lakini kwa unyevu wetu huku pwani sitaki kubahatisha. Risasi ya uzito isimamishwe kwa gundi ya tyubu mbili tu, na isifungiwe na gundi ya mbao wala kuwekwa kwenye boksi la mbao lisilopitisha hewa.

Tukiwa kwenye uzito: vipande vya kusubu ni uzito vyenyewe, na uzito una mahali pake. NMRA, chama cha wapenda modeli cha Marekani, kinapendekeza kwa kipimo cha 1:87 wakia 1, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 5 ni wakia 3 na nusu, karibu gramu 100. Lakini gramu hizo zikiwa juu ya paa, behewa litalala kwenye kona. Sisi tunaojenga reli ya mita, yaani yenye mita moja kati ya reli na reli, tuna taabu zaidi, kwa kuwa njia ni nyembamba na mwili ni mpana. Mita moja kwa kipimo cha 1:76 ni milimita 13.2, na wengi wetu tunatumia njia ya milimita 12 inayopatikana tayari. Hivyo viungio na visanduku vya ekseli, ambavyo viko chini, viwe vya metali bila wasiwasi. Vifuniko vya hewa vya paani natengeneza kwa plastiki.

Na kabla ya kubandika chochote, tazama kitu chenyewe. Maboksi mengi ya Uingereza huja na bafa, vile vizuizi vya kupokea mgongano, mbili kila mwisho wa behewa. Mabehewa yetu ya reli ya mita hayakuwa na bafa za pembeni. Kiungo kilikuwa kimoja, katikati. Nimeona behewa limepakwa rangi safi kabisa, limeandikwa herufi za Afrika Mashariki, halafu limevaa bafa nne zinazong'aa. Vilevile mabomba: bomba la kusubu la milimita 1, ukilikuza mara 76, ni la milimita 76, yaani bomba la maji machafu. Bomba la milimita 25 linataka waya wa thuluthi moja ya milimita. Toa lililosubiwa, weka uzi wa waya wa umeme.

Mwenye nauli aende Nairobi, kwenye jumba la makumbusho la reli, akasimame mbele ya injini namba 5918, Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zikavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Urefu wake ni futi 104. Kwa kipimo cha 1:76 injini yako itakuwa karibu sentimita 42, ndefu kuliko rafu nyingi za nyumba zetu. Piga picha chini, sio juu. Kila mtu hupiga dohani, na ni picha za ngazi, breki na mabomba utakazozitafuta usiku ukiwa na kipande mkononi.

Siku moja utakosa kipande na posta ni mbali. Vya maumbo rahisi, kama kisanduku cha ekseli, mimi husubu mwenyewe kwenye mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaotupwa na mawimbi na watu huwapa kasuku. Masonara wameutumia tangu zamani. Ukate vipande viwili, usugue nyuso zilingane, gandamiza kipande cha asili katikati, chonga mlango wa kumiminia, funga kwa waya. Kipande kitatoka na mistarimistari ya mfupa; uisugue au uiache ionekane kama kutu. Ila mfupa uwe mkavu kabisa. Mimi huuanika juani siku kadhaa kisha nauweka karibu na jiko. Madini ya moto yakikutana na tone la maji, maji hugeuka mvuke papo hapo na madini hukurukia usoni. Miwani ya kinga, viatu vya kufunika, na kijisufuria kisichorudi tena jikoni.

Rangi nitasema machache. Praima kwanza, nyembamba, ya kushika metali. Pulizia asubuhi jua likishakausha hewa, kamwe si magharibi, maana rangi ya thina kali ikikauka kwenye hewa ya majimaji hugeuka nyeupe kama imemwagiwa tui. Msimu wa kaskazi ndio wangu wa kupaka. Masika yakiingia, mabehewa yangu hukaa uchi kabatini, na mimi huendelea kukwangua mishono.