Pacha wa kike ndiye aliyetoboka magego

SWALI: Nina pacha wa miaka 8, wa kike na wa kiume. Chakula kimoja, dawa ya meno moja. Binti hakumbushwi mswaki, kijana mpaka nimgombeze. Ajabu, aliyetoboka magego mawili ni binti. Je, meno ya wasichana ni dhaifu?
Mama Pacha, Makorora, Tanga

JIBU: Si dhaifu, mama, yametangulia tu. Kwa wastani meno ya kudumu ya wasichana huota miezi kadhaa kabla ya ya wavulana, hivyo huanza mapema kukutana na sukari. Gego la kwanza la kudumu hutoka karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likiwa bado linapanda huwa chini kuliko wenzake. Mswaki hulipita juu, na chakula kinaganda kwenye mifereji yake.

Lakini miezi hiyo haitoshi kueleza matundu mawili. Mwangalie anachomung'unya. Ubuyu wa sukari ni mtihani: mbegu moja baada ya nyingine, saa nzima, na kila mara asidi hulishambulia jino kabla mate hayajalituliza. Idadi ya mara ina madhara kuliko wingi. Aule mara moja, baada ya chakula, kisha anywe maji.

Usingoje maumivu. Mpeleke kliniki ya meno, pale hospitali ya Bombo kwa mfano, yazibwe. Ulizia pia kufunikwa mifereji ya magego mazima ya wote wawili. Nyumbani, dawa yenye floraidi (tyubu iandikwe kati ya 1000 na 1500 ppm, kipimo cha floraidi), kiasi cha punje ya njegere, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Wateme povu, wasisukutue, maana maji huiondoa floraidi. Gego la pili likichomoza, karibu na miaka 12, mswaki uingie kwa ubavu kutokea shavuni.

Kijana naye ana hatari yake: wavulana huvunja meno ya mbele zaidi, mpirani na kwenye michezo ya kusukumana. Jino la kudumu likitoka zima, lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Lisuuze sekunde chache bila kusugua, lirudishe tunduni, aume kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa freshi, si mtindi, mfike hospitali ndani ya nusu saa mkiweza. La utoto usilirudishe kamwe: huweza kuliumiza la kudumu lililo chini yake.