Vita vya mafuta, hadithi ya Furati na kazi ya ulinzi Iraq

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Naishi Tanga. Hapa msikitini kwetu baada ya isha kuna mabishano makali. Wapo wanaosema vita vya Iraq vilikuwa vita dhidi ya Uislamu, wengine wanasema vilikuwa vya mafuta tu, na kwamba mafuta ndiyo ule mlima wa dhahabu wa mto Furati alioutaja Mtume (s.a.w.). Nakiri kwamba tangu nizione picha za vita vile nimekuwa na chuki moyoni, hata kwa jirani zangu Wakristo. Pili, mdogo wangu amepata wakala wa kumpeleka Iraq akalinde visima vya mafuta. Mshahara ni mzuri, lakini mama amekataa katakata. Je, kipato hicho ni halali?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba wake.

Ndugu yangu, nia iliyo moyoni anaijua Allah peke yake. Lakini matendo tunayaona. Baghdad ilipoanguka Aprili 2003, waporaji waliingia Makumbusho ya Taifa wakabeba vitu vya kale vya maelfu ya miaka. Hospitali ziliporwa mpaka vitanda. Wizara zikachomwa moto. Wizara ya Mafuta ilikuwa na askari na vifaru vya Marekani mlangoni, nayo ikasalimika. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikupatikana. Kazi ya kuzima moto visimani na kufufua mitambo ya mafuta ilipewa KBR, kampuni tanzu ya Halliburton, kampuni ya Marekani ya huduma za mafuta, bila zabuni ya ushindani. Na Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Marekani wakati ule, alikuwa mkuu wa Halliburton hadi mwaka 2000. Kuona kwamba tamaa ya mali ilikuwemo hakuhitaji kumpasua mtu moyo.

Wala halikuanza jana. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilinunua hisa zaidi ya nusu za kampuni iliyokuwa ikichimba mafuta Uajemi (Iran ya leo), ili manowari zake ziache makaa ya mawe. Mosul, mji wa kaskazini mwa Iraq, Waingereza waliuchukua Novemba 1918, siku chache baada ya kutia saini na Waturuki mkataba wa kusitisha mapigano. Iran ilipotaifisha mafuta yake mwaka 1951, haikupita miaka mitatu: Agosti 1953 Waziri Mkuu Mosaddegh alipinduliwa kwa mkono wa majasusi wa Marekani na Uingereza, na mwaka uliofuata kampuni za Marekani zikapata asilimia 40 katika ushirika mpya wa mafuta ya nchi hiyo.

Lakini tuwe wakweli, maana Qur'ani inatuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia. Tarehe 2 Agosti 1990 aliyeivamia Kuwait alikuwa Saddam Hussein, rais wa Iraq. Alikuwa na madeni ya vita vyake na Iran, akilalamika kwamba Kuwait inachimba kupita kiasi na kushusha bei, na inamwibia mafuta ya Rumaila, eneo la visima lililo mpakani, kwa chini ya ardhi. Waislamu kwa Waislamu, kibla kimoja. Walipofukuzwa mwaka 1991, askari wake walitia moto visima zaidi ya 600. Mchana uligeuka usiku, watu wakiendesha magari taa zikiwaka saa sita, masizi yakishuka na mvua, na kisima cha mwisho hakikuzimwa hadi Novemba. Na anayesema Wamarekani waliondoka na mafuta yote ya Iraq amekosea pia: mnada wa mikataba ya kuchimba mafuta ya Iraq ulipofanyika mwaka 2009, Rumaila hiyohiyo ilikwenda kwa BP ya Uingereza pamoja na kampuni ya taifa ya China.

Basi ugonjwa huu hauna dini. Na ajabu ni kwamba aya iliyousema waziwazi iliteremka kuwaonya Waislamu wenyewe. Allah anasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 94, kwamba waumini wanapotoka katika njia yake wahakikishe kwanza, wala wasimwambie anayewatolea salamu "wewe si muumini" kwa kutaka vitu vya maisha ya dunia. Ibn Abbas (r.a.), katika riwaya ya Bukhari, anasimulia kisa chake: mtu mmoja alikuwa na vijimbuzi vyake vichache, Waislamu wakamfikia, akawaambia "Assalaamu alaykum", wakamuua na kuchukua vimbuzi vile. Itazame aya vizuri. Wauaji walikuwa na hoja ya dini mdomoni, Allah akaitaja mali iliyokuwa nyuma ya hoja. Vimbuzi vichache! Ikiwa kwa hivyo ilishuka aya isomwayo mpaka Kiyama, nchi nzima yenye visima itakuwaje mbele ya Mola?

Ndiyo maana wapiganaji wa Daesh (kundi lililojiita Dola ya Kiislamu) waliokuwa wakiuza mafuta ya Syria kwa malori huku wakiwaita Waislamu wenzao makafiri wanaingia katika onyo hili sawasawa na rais aliyevaa suti.

Kuhusu Furati: hadithi ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) amesema Furati itafunua mlima wa dhahabu, watu wapigane juu yake, wafe tisini na tisa katika kila mia. Kusema kwamba dhahabu hiyo ni mafuta ni kauli ya baadhi ya watu wa zama hizi, nami siioni kuwa na nguvu. Mtume alisema dhahabu, tusiligeuze neno lake bila dalili. Kinachonishtua mimi ni maneno yanayofuata katika riwaya ya Muslim: kila mmoja wao atasema, "huenda nikawa mimi ndiye nitakayeokoka." Hesabu ya mwenye tamaa ni hiyo. Na katika riwaya nyingine imekuja amri: atakayekuwepo asichukue chochote.

Chuki kwa jirani zako ni dhuluma, itoe moyoni. Papa Yohane Paulo II aliipinga vita ya Iraq hadharani. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu, wengi wao si Waislamu, walijaa barabara za London, Roma na miji mingine kuikataa. Jirani yako wa Tanga anahusikaje?

Sasa mdogo wako. Kulinda mali ya watu asili yake ni halali, na mafuta ya Iraq ni mali ya wananchi wake. Kinachoharamisha ni kusaidia dhuluma, kwa aya ya pili ya Suratul-Maida: "wala msisaidiane katika dhambi na uadui." Aulize ataajiriwa na nani, atashika silaha au la, na ataamriwa amwelekezee nani. Wakati wa vita maelfu ya vijana wa Uganda walikwenda huko kulinda kambi za Marekani, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa nafuu kwa kampuni za ulinzi. Kijana mmoja aliyenijia baada ya kurudi kutoka kazi kama hiyo alisaini mkataba nyumbani, alipofika akapewa mwingine wenye nusu ya fedha, na pasi yake ikafungiwa kabatini kwa msimamizi. Alikuwa akinisimulia huku akikunjakunja kofia yake, hanitazami usoni.

Kisha kuna mama. Mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba ruhusa ya jihadi, akaulizwa, "Wazazi wako wapo hai?" Akasema ndiyo. Akaambiwa, "Basi jihadi yako iwe kwao." Hiyo ilikuwa jihadi pamoja na Mtume. Mdogo wako asisafiri mpaka mama aridhike kwa moyo wake, na si kwa kuchoshwa na maneno. Akiridhika, nileteeni mkataba tuusome pamoja kabla hajatia saini.

Wallahu a'lam.